Mkalimani Anasomea Sheria

Ukimsalimia asubuhi alikujibu kwanza kwa lugha uliyomsalimia nayo, halafu akaendelea kujijibu mwenyewe kwa sauti ya chini, kwa lugha nyingine mbili au tatu, kama mtu anayejaribu rundo la funguo kwenye mlango ulio wazi tayari. "Gyendi," angesema, kisha "sijambo," kisha Kiingereza chake cha mahakamani, ambacho hakikutoka mpaka akohoe kidogo. Hakuwa anaringa. Ulimi wake ulikuwa umezoea kazi, nao haukujua siku ya mapumziko.

Tulimwita Mkalimani. Jina lake halisi liliandikwa mahali fulani, bila shaka, lakini kota nzima hakuna aliyelitumia, hata mke wake. Watu walibishana kuhusu kabila lake. Wengine walisema ni mtu wa mashariki, wengine wa ng'ambo ya ziwa, na yeye akiulizwa alijibu kwa lugha ya yule aliyeuliza, mabishano yakaanza upya. Mimi sikumuuliza. Nilimpenda hivyohivyo, bila mwanzo.

Kota zetu za reli zilikuwa Nsambya, hapa Kampala, safu kwa safu za nyumba zinazofanana, bomba moja la maji kwa nyumba kumi na mbili. Baba yangu alikuwa mtu wa kubadili njia za treni pale stesheni. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo, lakini nilikuwa na cherehani, na baraza yetu ilitazamana na bomba. Kwa hiyo kila lililosemwa bombani lilipita kwanza chini ya sindano yangu. Mkalimani aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, katika kota iliyoandikwa kwa jina la mke wake, karani wa tiketi. Wanaume walimtania kwa hilo. Yeye alicheka nao, tena akawatafsiria utani wale ambao hawakuuelewa.

Kazi yake ilikuwa mahakamani, miaka mingi. Mshtakiwa anasema kwa lugha yake, hakimu anasikiliza kwa Kiingereza, na katikati yao amesimama yeye. Sheria ya kwanza ya kazi ile, alinieleza, ni kwamba mkalimani hasemi "anasema aliiba." Mshtakiwa akisema "niliiba," mkalimani naye anasema "niliiba."

"Kwa mwaka mmoja tu, binti," aliniambia, "nimeiba ng'ombe, baiskeli, mabati ya kanisa na mke wa mtu. Na sijalala rumande hata siku moja."

Alipokuwa akisema maneno ya mwingine, mkono wake wa kushoto ulikwenda nyuma ya mgongo na kukaa pale, umetulia, kidole gumba ndani ya ngumi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepimwa koti. Alipotakiwa kusema maneno yake mwenyewe, mikono ile miwili hakujua aiweke wapi. Aliishika kola, aliigusa penseli iliyokuwa sikioni, mwishoni akasema, "Basi, ndivyo hivyo," akaondoka.

Siku moja kuku wa Nalongo walikula maharage ya baba. Nalongo alikuwa jirani yetu wa upande wa pili, mama wa mapacha, ndiyo maana aliitwa hivyo kama wanavyoitwa mama wa mapacha wote Buganda, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko panga la mlinzi wa stesheni. Kiswahili alikijua cha kuombea chumvi tu. Baba naye Luganda aliijua ya kununulia ndizi tu. Wakasimama bombani wanapigiana kelele, kila mmoja kwa lugha yake, na watoto wamekaa kwenye ndoo kuangalia. Mkalimani akapita na mswaki mdomoni. Akatema povu, akaweka mkono nyuma.

"Kuku wangu wana akili kuliko wewe," akamwambia baba, kwa sauti ileile ya Nalongo, ya kuvuta mwishoni. "Wao wameona maharage yameiva. Wewe bado unayaangalia tu."

Baba akageuka. "Wewe Mkalimani! Wewe ndiye unanitukana mimi?"

"Hapana mzee. Mimi sipo hapa."

Huo ndio ulikuwa usemi wake. Mimi sipo hapa. Baba akamtukana Nalongo, Mkalimani akamgeukia Nalongo akamtukana vilevile, hakupunguza chumvi wala hakuongeza, na mwisho wote wawili wakaanza kucheka kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu wakati matusi yako yanatoka kwenye kinywa chenye dawa ya meno. Kuku walibaki kuku. Maharage tuliyapanda tena.

Lakini mke wake aliniambia jambo, siku niliyompelekea sare yake ya stesheni niliyoipunguza kiuno. Nilimwambia bahati yake kuolewa na mtu mwenye lugha zote zile. Akacheka bila kufungua midomo.

"Nimeolewa na watu wengi," alisema. "Jioni anakuja na mwizi, anakuja na mjane, anakuja na polisi. Yeye mwenyewe bado hajafika."

Kwa nini mtu kama huyo, mwenye mvi za pembeni, aende kusomea sheria? Niliuliza, kwa sababu mimi nauliza. Nilikuwa nashona mpasuo wa koti lake jeusi naye amekaa akisubiri, katika shati. Akaniambia kuhusu mtu mmoja, mkulima, aliyekutwa na ng'ombe ambaye hakuwa wake. Hakimu akatoa hukumu kwa Kiingereza na Mkalimani akaitafsiri kwa lugha ya yule mtu: miaka saba. Yule mtu hakumwangalia hakimu. Alimwangalia yeye. Akasema, polepole, bila kelele: "Wewe ndiye umesema saba. Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nikamtafsiria hakimu hata hilo," alisema Mkalimani. "'Wewe ndiye umesema saba.' Hakimu akadhani anaambiwa yeye. Akaandika."

Nilishusha sindano.

"Binti, ng'ombe yule alikuwa na maelezo. Mimi niliyaona. Yule mtu alisema neno moja la kwao ambalo ukilisikia unajua ng'ombe ni wa mahari, amerudishwa baada ya ndoa kuvunjika. Nililitafsiri sawasawa. Lakini kulitafsiri si kulieleza, na kueleza haikuwa kazi yangu. Kazi hiyo ni ya wakili, na yeye hakuwa na wakili." Akalichukua koti. "Basi, ndivyo hivyo."

Chuo kikuu kilikuwa na mtihani wa watu wazima, kwa wale ambao hawakupitia madarasa yote. Aliufanya mara ya kwanza akaanguka. Mara ya pili akapita. Mahakama ikampa ruhusa, na akaanza kupanda mlima wa chuo akiwa na watoto wa umri wangu, ambao walimwita Mzee na kumwachia kiti cha mbele. Niliyajua maisha yao kwa sababu alinisimulia yote, na mimi nilipenda kusikia. Cherehani inakwenda, mguu unakanyaga, na kichwani niko nao darasani, nimevaa lile joho jekundu la wanafunzi, nainua mkono.

Vitabu vilikuwa shida. Wahindi wenye maduka walishafukuzwa nchini, vitu haviingii, na kitabu cha sheria ya mikataba kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Unakaa mbele ya mkutubi, unakisoma saa mbili, unakirudisha. Vijana walikuwa wakinakili mpaka vidole vinavimba. Mkalimani alifanya tofauti. Alisoma saa zake mbili bila kuandika neno, akafunga kitabu, akatoka akitembea haraka kama mtu aliyebeba maji kwa viganja. Njia nzima, kutoka mlimani mpaka Nsambya, alikuwa anakitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti. Watu wa njiani walidhani ana kichaa na wakampisha. Akifika bombani anatapika yote.

"Andika, binti! Andika kabla hakijanitoka!"

Na mimi niliandika. Daftari nililokuwa nalo lilikuwa la vipimo, kwa hiyo sheria ya nchi ilikaa humo pamoja na miili ya majirani. Juu ya ukurasa: Nalongo, kiuno arobaini na mbili, anataka mikono ya kuvimba. Chini yake: ahadi haiwi mkataba mpaka upande wa pili ukubali. Wakati wa mtihani alikuja na kulisoma daftari lote, akakirudisha Kiswahili kwenye Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Kuna siku mhadhiri alimuuliza kwa nini maelezo yake ya mikataba hayafanani na ya mwanafunzi mwingine yeyote. Akasema aliyapata kwa fundi nguo. Darasa likacheka. Alisema kweli.

Wanawake wa bombani nao wakawa darasa. Siku moja alileta kesi ya mtu aliyepoteza ng'ombe akatangaza zawadi kwa atakayemleta. Akatokea mwingine, hajasikia tangazo, akamwona ng'ombe njiani akamrudisha kwa wema tu. Kesho yake akasikia kuhusu zawadi. Je, anaweza kuidai?

"Apewe!" alisema Nalongo. "Banange, ng'ombe si amerudi?"

"Hawezi," alisema baba, ambaye alikuwa ametoka zamu na kuvutwa na kelele. "Alifanya bila kujua. Huwezi kukubali ahadi ambayo hujaisikia."

"Kwa hiyo wema unalipwa chini ya ujanja?" akadakia Nalongo.

Kila mmoja akasema lake, na kila mmoja Mkalimani akamrudia kwa lugha ya wengine, mkono nyuma, "mimi naona," "mimi sikubali," "mimi ningempiga fimbo huyo mwenye ng'ombe." Ndoo zilifurika. Mwisho nikamuuliza, "Na wewe, mzee? Wewe unaonaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu alichokisahau nyumbani. "Mimi?" akasema. "Mimi sipo hapa."

Tukacheka wote. Mke wake, aliyekuwa kwenye foleni na ndoo yake, hakucheka.

Sitaki kuandika kana kwamba ule ulikuwa wakati wa kucheka tu. Wanajeshi ndio waliotawala. Watu walikuwa wanachukuliwa mchana, wakiwa wamevaa viatu vya kazini, na familia inazunguka kutoka ofisi hadi ofisi ikiuliza. Kule chuoni mhadhiri wa sheria ya ushahidi hakutokea Jumatatu moja. Maandishi yake ya Ijumaa yalikuwa bado ubaoni. Hakuna mwanafunzi aliyetaka kuyafuta, kwa hiyo kwa wiki nzima walikaa na kuyasoma maandishi yale, wakajadiliana wenyewe, Mkalimani akiwa ndiye mkubwa. Baadaye ikajulikana kwamba yule mhadhiri amevuka mpaka salama, na hapo ndipo walipopangusa ubao.

Baba alimchokoza sana. "Unasomea sheria katika nchi ya amri, ndugu yangu. Ni kama kununua mwavuli wakati nyumba inaungua."

"Amri inahitaji mtu mmoja wa kusema," alijibu Mkalimani. "Sheria inahitaji wawili. Nafundishwa kuwa wa pili."

Niliyaandika hayo kwenye daftari, chini ya mabega ya mke wa mlinzi. Lakini niliona pia kwamba aliyasema kama mtu anayetafsiri, mkono nyuma. Huenda ni mhadhiri wake aliyeyasema kwanza.

Mara moja tu nilimwona akivunja sheria ya kazi yake. Walikuja wanajeshi wanne kutafuta sukari iliyofichwa. Wakaanza na nyumba ya Nalongo. Mkubwa wao alisema kwa Kiswahili afungue chumba cha kulala. Nalongo alikuwa nayo sukari chini ya kitanda, robo gunia ya arusi ya mpwa wake, na hofu ikamtoka kwa njia ya mdomo. Akasema kwa Luganda, kwa sauti kubwa, kwamba kama huyu angekuwa na mama, mama huyo angemfundisha kutoingia na viatu vyenye mavi kwenye vyumba vya wanawake.

Watoto wakaacha kucheza bombani. Hata bomba nadhani liliacha kudondoka.

"Anasemaje?" akauliza mkubwa.

Mkalimani alikuwa ameshaweka mkono nyuma. Niliuona ule mkono. Ukaja mbele, polepole, kama si wake.

"Anasema viatu vyenu vina matope, afande. Lakini anasema mnamkumbusha watoto wake, na mkiwa na kiu kuna maji ya baridi."

Yule mwanajeshi akavitazama viatu vyake. Alikuwa kijana tu. Akanywa maji, wenzake wakanywa, wakapitia nyumba mbili za mbele kwa haraka na kuondoka. Nalongo akakaa chini palepale kwenye matope. Mkalimani akaja kwenye baraza yangu, akashika cherehani.

"Nimevunja kiapo," alisema.

"Kiapo ni cha mahakamani, mzee. Hapa ni bombani."

"Nimesema uongo kwa kinywa hiki."

"Umesema maneno yako," nilimwambia. "Na yalikuwa mazuri."

Hilo lilimchanganya zaidi kuliko kumfurahisha. Wiki nzima alipita barazani kwetu na kujibu salamu kwa lugha moja tu.

Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kusimama katika mahakama ya mazoezi. Ni ukumbi wa kawaida, wahadhiri watatu wanakaa mbele kama majaji, wanafunzi wawili wanapewa kesi, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Ukianguka hapo hupati shahada hata kama mitihani mingine umeipita yote. Mkalimani alijiandaa miezi miwili. Alitoka siku hiyo na koti nililolipiga pasi mara mbili.

Alirudi kabla ya saa nane, akapita moja kwa moja bila kusalimia. Ni mke wake aliyenieleza jioni. Mkalimani alisema upande wake vizuri, akakaa. Mpinzani wake alikuwa msichana aliyetoka kuugua malaria. Akasimama, akaanza, akachanganya, midomo inakauka, majaji wanatazama saa. Na Mkalimani, bila hata kujua anachofanya, akainuka pembeni yake, mkono nyuma, akaanza kuyasema maneno ya yule msichana. "Mheshimiwa, hoja yangu ni hii." Akayapanga yote, moja baada ya jingine, wazi kama maji, hoja za kumwangusha yeye mwenyewe. Akamaliza, akainama, akakaa. Jaji wa katikati akavua miwani.

"Bwana," akasema, "wewe ni wakili wa nani?"

Msichana alifaulu. Yeye aliangushwa.

Mhadhiri yule wa katikati hakuwa mtu mbaya. Alimpa nafasi nyingine moja, baada ya wiki tatu. "Ni hizo wiki tatu tu," alimwambia. "Baada ya hapo sijui nitakuwa wapi." Wakati ule mtu akisema hivyo humuulizi anakwenda wapi.

Nilimkuta Mkalimani amekaa nyuma ya nyumba yao, anamenya mihogo vibaya sana. Alisema ataandika barua ya kurudi kazini. Alisema labda kuna watu ambao wameumbwa kuwa mlango na si chumba. Mimi ni mtu wa darasa la saba tu. Nikaenda kumwita Nalongo.

Nalongo alipoelezwa kisa chote alishika kiuno. "Wewe!" akamwambia, kwa Kiswahili chake cha chumvi. "Siku ya sukari ulisema yako. Mimi hapana sahau. Sasa kila ukisema 'mimi' ya mtu mwingine, unachota debe mbili. Nyumba zote. Kale, haya, anza."

Tukamwekea kesi. Kesi ya kuku na maharage. Yeye wakili wa baba, Nalongo wakili wa kuku na pia jaji, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia achague moja. Siku ya kwanza alichota maji ya nyumba zote kumi na mbili, na mbili akazirudia. Nalongo akisema hoja, yeye mdomo wake unaifuata wenyewe: "Mimi kuku wangu..." "Debe!" wanapiga kelele watoto. Wiki ya pili kota nzima ilikuwa na maji mpaka kwenye masufuria. Alijifunza kunyamaza wakati mwingine anasema, hilo aliliweza. Lakini ikifika zamu yake alisema kama mtu anayesoma tangazo la treni. Mke wake alikuwa anakuja kusikiliza akiwa bado na sare, na nikimtazama usoni naona kwamba hatutafika.

Siku mbili kabla ya mtihani mvua ilinyesha, hakuna mtu bombani. Alikuja barazani kujikinga. Mimi nilikuwa nashona nisichokumbuka. Nikamuuliza, bila kupanga, "Yule mtu wa ng'ombe wa mahari. Ungekuwa wakili wake, ungemwambia nini hakimu?"

Nilidhani atasema hayupo. Alitazama mvua. Halafu akaanza. Alisema ng'ombe yule alirudi nyumbani kwa njia ambayo kila mtu wa kijiji kile anaijua, na kwamba kutoijua njia hiyo si kosa la mshtakiwa. Alisema walitakiwa kuitwa wakwe, na hakuna aliyewaita. Alisema neno lile moja lina maana gani, lilitoka wapi, na kwa nini mtu akilitaja hawezi kuwa mwizi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mbele, imelowa, inapangusa hewa. Sauti yenyewe sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa nzito kidogo, na ilikuwa na kigugumizi! Mtu wa lugha sita, na sauti yake mwenyewe ilikuwa na kigugumizi kidogo kwenye maneno yenye uzito. Nusu saa alisema. Mlangoni kwao mke wake alikuwa amesimama ameshika fremu, mvua inamrushia miguuni, wala hakuingia ndani.

Alipomaliza alinitazama. "Umeandika?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nasikiliza."

Siku ya mtihani tulikaa tukingoja. Adhuhuri tukamwona anashuka njiani, amevua koti, anakuja moja kwa moja mpaka bombani, anachukua debe la Nalongo, anafungua maji.

"Umekosea tena?" Nalongo akapiga kelele kutoka jikoni. "Banange! Umesema ya mwenzako?"

"Hapana, nnyabo," alisema. "Leo nachota kwa furaha tu. Nimefaulu."

Alichota nyumba zote kumi na mbili. Mhadhiri yule wa katikati naye alivuka mpaka mwezi uleule, na sahihi yake kwenye karatasi ya matokeo ya Mkalimani ni kati ya za mwisho alizoweka. Ukaja mwaka mwingine wa mafunzo ya uwakili, halafu mke wake akahamishiwa stesheni ya mbali, nao wakaondoka kota. Mimi nami niliondoka baadaye. Nilipata chumba cha kushonea upande wa Kasubi, na mwenzangu mmoja, tuna dirisha kubwa linaloona barabara, kama nilivyotaka tangu zamani.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile, kabla ya vita vilivyowaondoa wanajeshi wale kufika mjini. Nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja karibu na mahakama moja ndogo. Watu walikuwa wanatoka. Katikati yao alikuwa yeye, mvi zimefika juu sasa, anatembea na mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Akanishika mikono yote miwili.

"Umeshinda?" nilimuuliza, maana macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Nimeshindwa," alisema, na akacheka. "Nimeshindwa vibaya, binti! Shamba la mzee huyu limechukuliwa na shemeji wa ofisa mmoja. Nilisema karibu saa nzima. Hakimu alikuwa anaogopa hata kuniangalia."

"Na huogopi wewe?"

"Naogopa sana," alisema, kwa kile kigugumizi chake. "Lakini ni kesi yangu. Nimeshindwa mimi."

Yule mzee alikuwa amesubiri kwa adabu mpaka tumalize kusalimiana. Sasa akavua kofia. "Wakili," akasema, "ndiyo imekwisha hivyo?"

"Haijaisha, ssebo. Kuna rufaa. Tuna siku thelathini."

"Thelathini?" Mzee alitazama huku na huku barabarani, kulikokuwa na gari moja tu la jeshi, limesimama bila mtu. Mji mzima ulikuwa hauzungumzii hata Jumapili ijayo. "Siku thelathini, mwanangu? Katika Kampala hii?"

"Thelathini kamili. Na leo haihesabiwi."

Mzee akafikiri, akavaa kofia yake. "Basi tutaanzia wapi?"

Walikuwa wameshaanza kutembea. Mkalimani alimshika mzee kiwiko kumvusha mtaro, na nilimsikia vizuri kabisa, kama alivyosikiwa na walinzi wawili na mama aliyekuwa akiuza karanga ngazini.

"Tutaanzia hapa," alisema. "Mimi naona hakimu amekosea, na nitakueleza kwa nini."